Lililovuma huzaa uvumi: Tetesi za kanda ya Cornell na jasho la fundi wake

WAPO watu nchini Marekani wanaoshikilia, wengine wakicheka na wengine wamekaza uso, kwamba tamasha linalosifiwa kuliko mengine yote ya kundi la muziki la Grateful Dead halikuwahi kufanyika. Tarehe ya tamasha lenyewe inajulikana: Jumapili, Mei 8, 1977. Mahali panajulikana: ukumbi wa Barton Hall katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Kanda yake ipo, na inasikika vizuri kuliko kanda nyingi za enzi hiyo. Hata hivyo, ukikaa na mashabiki wakongwe wa kundi hilo ukaisifu kanda ya Cornell, hakosi kutokea mmoja wa kukujibu: "Ile? Ile haikutokea bwana. Mlidanganywa."

Stori hii ina matoleo. Toleo la kwanza linasema hapakuwa na tamasha lolote Ithaca usiku ule, na kwamba wanaoapa kuwa walikuwepo wamepandikiziwa kumbukumbu. La pili linasema muziki ulipigwa kweli, ila ulipigwa studioni, kisha makofi na vifijo vikaongezwa baadaye. La tatu, ambalo ndilo tamu zaidi, linadai yote yalikuwa majaribio ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ya kuchezea akili za wanafunzi. Wapo pia wanaoyachanganya yote matatu wakapika mseto wao.

Msomaji ataniuliza, sasa hayo yana uhusiano gani na ukumbi wa lugha na fasihi ya Kiswahili? Yana uhusiano mkubwa. Darasani tunawafunza wanafunzi kwamba fasihi simulizi ina hadithi, nyimbo, methali, vitendawili, mazungumzo na maigizo. Tukizifikia tetesi tunapita mbio, kana kwamba hazina fanani, hadhira wala mtindo. Nami nadai kwamba tetesi ni utanzu kamili wenye kanuni zake, na kwamba anayezisoma bila kuzijua kanuni hizo anaweza kumdhulumu mtu asiye na hatia. Kisa cha Cornell kinanifaa kwa sababu mambo yake mengi yamehifadhiwa: kanda ipo, mashahidi wapo, na huyo anayedhulumiwa ana jina.

Hebu kwanza tuyapange maneno yetu, maana Kiswahili hakina neno moja la jambo hili. Kina ukoo mzima. Fununu ni habari inayonong'onwa kabla haijawa habari. Ina uwezekano wa kuthibitishwa kesho. Tetesi zinakaa jirani na kuteta, yaani zina harufu ya kumsema mtu au kitu pembeni. Uzushi unatokana na kuzusha: kuna mtu aliyekaa akalitoa jambo pasipokuwa na jambo, naye anajua alilofanya. Chuku tunaifahamu sote kama mbinu ya sanaa. Anayepiga chuku hatarajii kuaminiwa neno kwa neno, anatarajia kufurahiwa. Halafu kuna utani, ambao kwetu Afrika Mashariki umekuwa zaidi ya kuchekeshana. Ni uhusiano wenye haki na mipaka. Mtani anaweza kufika msibani akadai kwamba marehemu anajifanya tu, amejilaza ili akwepe deni. Wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Akija mpita njia asiye mtani akatamka maneno yale yale, atatolewa kwa fimbo.

Lakini neno ninalolitaka zaidi ni uvumi. Mzizi wake ni -vuma. Upepo unavuma. Bahari inavuma, ngoma inavuma, nyuki wanavuma. Msanii akipata sifa nchi nzima tunasema anavuma, na habari isiyo na mwenyewe ikienea vivyo hivyo tunaiita uvumi. Kumbe lugha ilikwisha kuona kwamba umaarufu na uvumi vimetoka tumbo moja! Kinachosikika mbali kuliko mahali kilipotokea hakina wa kukithibitisha, maana wengi wanaokisikia hawakuwapo. Ndiyo hali halisi ya kanda ya Cornell. Ilivuma mno, na kule kuvuma ndiko kulikouzaa uvumi.

Kwa wasiolijua kundi lenyewe, machache yatatosha. Grateful Dead lilianza California mwaka 1965 na likavunjika mwaka 1995 baada ya kifo cha mpiga gita wake mkuu, Jerry Garcia, mwezi wa Agosti mwaka huo. Katika miaka hiyo 30 lilitumbuiza zaidi ya mara 2,300. Mimi si shabiki wake wa kufa kupona, na kuna rekodi zake ambazo zinanichosha. Ila mwanafasihi hawezi kulipuuza kundi hili, kwa sababu liliishi kama fanani wa kale anavyoishi. Wimbo uliopigwa jana haukupigwa vivyo hivyo leo. Ulirefushwa, ukafupishwa, ukaunganishwa na mwingine bila kusimama. Usiku ule wa Ithaca nyimbo mbili zilizounganishwa zilichukua zaidi ya dakika 20. Kwa hivyo mashabiki hawakutosheka na albamu. Walikusanya masiku. Ungemsikia mtu akitaja tarehe kama anavyotaja sura na aya.

Kundi lenyewe liliwaruhusu wasikilizaji kurekodi, na mwaka 1984 likawatengea rasmi sehemu yao ya kusimama na vipaza sauti vyao. Kanda zilibadilishwa mkono kwa mkono, na miongoni mwao kuziuza lilikuwa jambo la aibu. Watu wa mwambao wetu hawahitaji kuelezwa sana hapa. Taarabu ya Juma Bhalo na ya Zein l'Abdin ilisafiri kwa njia kama hiyo: harusi inarekodiwa, kanda inanakiliwa, nakala inanakiliwa tena, mpaka ile ya shangazi yako aliyeko Malindi inakuwa na mvumo mwingi kuliko udi. (Mvumo, tazama, mzizi ni ule ule.) Na kabla ya kanda palikuwa na miswada. Utenzi wa Mwana Kupona umetufikia kwa nakala ambazo hazilingani beti kwa beti, kwani kila mnakili alikuwa na mkono wake na masikio yake.

Sasa fikiria ulimwengu kama huo, ambamo sote tumezoea nakala zenye mvumo, halafu siku moja inatokea kanda iliyo safi kama maji ya chemchemi. Kila gita mahali pake. Ngoma mbili (kundi lilikuwa na wapiga ngoma wawili) unazitofautisha. Sauti ya mwimbaji haimezwi. Mtu akizoea kula wali wenye mchanga, siku akipewa usio na mchanga atauliza umepikwa wapi. Hapo ndipo toleo la pili la tetesi, lile la studio, linapopata mashiko. Linamaanisha: hii ni nzuri mno haiwezi kuwa ya kweli.

Toleo la kwanza, kwamba tamasha halikuwako, lina chimbuko jingine. Kwa miaka mingi kila mgeni aliyeingia katika jamii ya mashabiki aliambiwa aanze na Cornell. Majarida yakapiga kura, Cornell ikaongoza. Mwaka 2012 Maktaba ya Kongresi ya Marekani ikatangaza kwamba imeiingiza kanda hiyo katika orodha ya rekodi za sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Wakongwe wakachoka. Wao wanajua kwamba usiku uliotangulia kundi lilikuwa Boston, na usiku uliofuata likawa Buffalo, na wapo wanaoapa kwamba Buffalo liliipita Cornell. Kusema "Cornell haikutokea" ikawa njia yao ya kuwaambia wageni: wacheni kusujudia usiku mmoja, masiku ni zaidi ya 2,300.

Huo, kwa maoni yangu, ni uhakiki. Ni uhakiki wa kejeli, mfupi, usio na tanbihi, lakini unatoa hoja halisi kuhusu jinsi kazi moja inavyotukuzwa ikazifunika nyingine. Sisi wenyewe tunalo tatizo hilo. Ni mara ngapi mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anamaliza chuo akidhani Shaaban Robert hakuandika kitu zaidi ya Kusadikika? Angetokea mtani wa kumwambia kwamba kitabu hicho hakikuandikwa kamwe, pengine angekwenda maktaba akakuta vingine.

Mambo madogo madogo nayo yaliupalilia mzaha huo. Waliohudhuria wanasimulia kwamba walipotoka ukumbini theluji ilikuwa ikianguka. Theluji, na ni Mei! Tena ilikuwa Siku ya Akina Mama. Na ukumbi wenyewe haukujengwa kwa ajili ya muziki. Ni jengo kubwa la mawe lililotumiwa kwa michezo na kwa mazoezi ya kijeshi. Mtunzi wa riwaya akileta mswada wenye mambo hayo, mhariri atamwambia apunguze. Ukweli hauna mhariri, na ndiyo maana mara nyingi unasikika kama uongo uliotiwa nakshi.

Tuje kwenye toleo la tatu, la CIA. Hili wengi hulicheka na kulipita. Mimi naona ndilo lenye mizizi mirefu kuliko yote, maana udongo lilikoota ni wa kweli. Kuanzia mwaka 1953 CIA iliendesha mradi wa siri ulioitwa MKULTRA, ambao ndani yake watu walipewa dawa za kulevya akili, ikiwemo LSD, wengine bila wao kujua. Mwaka 1973 faili nyingi za mradi huo ziliteketezwa kwa amri ya mkuu wa shirika. Habari zikafichuka mwaka 1975, na Agosti 3, 1977, miezi mitatu hivi baada ya tamasha la Ithaca, kamati za Seneti ya Marekani zikalisikiliza suala hilo hadharani.

Kuna zaidi. Robert Hunter, aliyeyatunga maneno ya nyimbo nyingi za Grateful Dead, alikuwa miongoni mwa vijana waliojitolea kupewa dawa hizo katika majaribio ya mapema miaka ya 1960 huko California, akiwa hajui ni nani anayelipia. Mwandishi Ken Kesey naye alipitia huko huko, kisha akaandaa karamu za LSD ambazo kundi hili, likiwa changa, lilizipigia muziki mwaka 1965 na 1966. Na mojawapo ya mifuko iliyotumiwa na CIA kupitishia fedha za utafiti iliongozwa na Harold Wolff, profesa wa shule ya udaktari ya Cornell. Shule hiyo iko jijini New York, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka Ithaca, wala haina uhusiano wowote na tamasha. Lakini jina ni lile lile: Cornell.

Basi mtu anayesema kwa mzaha kwamba CIA iliwachezea akili wanafunzi wa Cornell ameokota vipande vitatu vya kweli akavishona kwa uzi wa uongo. Methali yetu inasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimewahi kuisikia ikitumiwa kuhalalisha kila porojo la sokoni, na sikubaliani na matumizi hayo. Katika kisa hiki lisemwalo halipo. Kilichopo ni jambo jingine, jirani yake, ambalo lilifichwa kwa muda mrefu na wakubwa. Serikali ikiteketeza faili, wananchi wataziandika upya kwa mdomo, na hawatakuwa waangalifu na anwani.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, aliziangalia tetesi za aina hii kwetu hapa wakati wa ukoloni: stori za wazimamoto na mumiani, ati watu wanakamatwa usiku mijini na kunyonywa damu. Hoja yake ni kwamba mwanahistoria asijishughulishe mno na kupima kama damu ilinyonywa. Aulize stori hizo zilimwezesha msimulizi kusema nini ambacho hakikuwa na lugha nyingine. Ni hoja ninayoiheshimu, na imewafaa wengi. Nikiipeleka Ithaca inalieleza toleo la tatu vizuri sana, na la kwanza kwa kiasi. Inakwama kwenye la pili. Kwa nini? Kwa sababu katika toleo la pili kuna mtu aliyefanya kazi, na swali la kweli au uongo ndilo linaloamua kama kazi hiyo ilifanyika.

Mtu huyo ni Betty Cantor-Jackson, fundi wa sauti. Alianza kulirekodi kundi hili mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati ambapo mwanamke kwenye mitambo ya sauti alikuwa kama nyota ya mchana. Yumo miongoni mwa waliotengeneza Live/Dead ya mwaka 1969 na Workingman's Dead ya mwaka 1970. Katika ziara ya mwaka 1977 alikuwa na mashine ya Nagra na mikanda yake mikubwa ya mviringo, akirekodi usiku baada ya usiku. Na kurekodi kwa namna ile si kubonyeza kitufe. Alikuwa akizipokea sauti nyingi kutoka jukwaani na kuziunganisha kuwa njia mbili tu, papo hapo, muziki ukiendelea: gita hili lipande kidogo, ngoma ile irudi nyuma, sauti ya mwimbaji ije mbele. Ukishakosea huwezi kurudia, kwa kuwa zikishaungana katika njia mbili haziachani tena. Huko ndiko ule usafi wa kanda ulikotoka. Haukutoka studioni.

Na yaliyoipata mikanda hiyo ni hadithi ya pekee. Katika miaka ya 1980 mama huyu hakuwa tena akifanya kazi na kundi, mambo ya fedha yakamwendea vibaya, akapoteza nyumba. Mali yake ilikuwa imewekwa kwenye ghala la kukodi. Kodi iliposhindikana, vilivyokuwa ghalani vikapigwa mnada mwaka 1986, ikiwemo mamia ya mikanda ya muziki, na wanunuzi walikuwa watu wasiomjua. Baadhi ya mikanda ilipata unyevu na kuvu, ikahitaji kusafishwa kwa subira kubwa. Muda si mrefu nakala zake zikaanza kusambaa kwa mashabiki, Cornell ikiwa mojawapo, na mashabiki wakazipa jina: Betty Boards, yaani kanda za Betty zilizotoka moja kwa moja kwenye mitambo. Kundi lenyewe halikuweza kuitoa rasmi Cornell kwa sababu mikanda ya asili haikuwa mikononi mwake. Ilirudi baada ya miongo kadhaa, na albamu rasmi ikatoka Mei 2017, miaka 40 kamili.

Wanasaikolojia Gordon Allport na Leo Postman, katika utafiti wao wa mwaka 1947 kuhusu uvumi, walisema uvumi hustawi pale ambapo jambo lina uzito kwa watu na wakati huo huo lina utata. Pale panapokosekana kimojawapo, unakufa. Kwa miaka 30 Cornell ilikuwa na vyote viwili: ilipendwa mno, na asili yake haikuwa na cheti. Walisema pia kwamba kadiri habari inavyopokezanwa ndivyo inavyopunguzwa. Mambo mengi hudondoka njiani, na yale machache yanayobaki hunolewa yakawa makali. Hebu tulipime hilo hapa. Nini kilinolewa? CIA, theluji, studio ya siri. Nini kilidondoka? Mwanamke mmoja na mashine yake. Ajabu iliyoje, kwamba kanda zinaitwa kwa jina lake, nalo jina ndilo la kwanza kusahauliwa pindi stori ya studio inapoanza kunoga!

Nimesikia utetezi kwamba haya yote ni mzaha, na mzaha hauumizi. Utetezi huu unasahau kanuni ya utani niliyoitaja. Utani ni halali kati ya watani. Wakongwe wawili waliosikiliza Cornell mara 100, wanaomjua Betty na yaliyomkuta, wakiambiana kwamba tamasha halikutokea, wanacheza. Kila mmoja anajua mwenzake anajua. Lakini tetesi haikai ndani ya uzio. Inamfikia kijana wa miaka 17 ambaye hajui chochote, naye anaipokea kama habari. Maneno hayajabadilika hata silabi moja, ila utanzu umebadilika: kilichotoka kama utani kimefika kama uzushi. Hilo ni jambo ambalo nadharia zetu za fasihi simulizi zimelieleza vizuri kwa upande wa fanani na utendaji, na bado tumelieleza kidogo mno kwa upande wa hadhira inayobadilika katikati ya safari. Hadithi ya sungura akifika kwa hadhira mpya bado ni hadithi ya sungura. Hakuna atakayemshtaki fisi mahakamani. Tetesi haina kinga hiyo. Haina "paukwa" ya kumwonya msikilizaji kwamba sasa tunaingia katika ubunifu. Yeye ndiye anayeachiwa kazi ya kuweka paukwa mwenyewe, na asipojua hataiweka.

Ndiyo maana ninayatofautisha matoleo haya badala ya kuyahukumu kwa jumla. La kwanza na la tatu nawaachia wenyewe waendelee nayo, na wakinialika nitacheka. Hakuna mtu anayedhulumiwa ukisema CIA ilikuwapo. CIA imesemwa makubwa zaidi, mengine kwa haki. Na waliokuwa Barton Hall wana kumbukumbu zao, hazitafutwa na kicheko. Lakini la pili lina sumu ndogo ndani yake. Linachukua ustadi wa fundi na kuugeuza kuwa ushahidi wa udanganyifu. Eti kwa kuwa alifanya kazi vizuri kupita kiasi, hakuifanya. Sijui kama kuna dharau inayomzidi mhunzi kuliko kuambiwa kwamba kisu alichokifua ni kikali mno, lazima alikiiba.

Wala si jambo geni. Wanawake wetu waliotunga na kuhifadhi mashairi wamewahi kuonjeshwa shubiri hiyo, ya mtu kuusoma utenzi mzuri na swali lake la kwanza likawa: je, kweli ni mwanamke aliyeutunga, au kuna mume, ndugu au karani nyuma yake? Swali hilo likiulizwa kwa ushahidi ni utafiti. Likiulizwa kwa sababu tu utenzi ni mzuri, ni tetesi ya studio katika vazi la kanzu.

Kuna njia rahisi ya kulipima toleo la pili, tena haihitaji mtaalamu. Usiku ule Betty hakuwa peke yake aliyerekodi. Wapo mashabiki waliosimama katikati ya umati na vipaza sauti vyao, na rekodi zao zimehifadhiwa na zinasikilizwa hadi leo. Mwalimu mwenye simu na spika ndogo anaweza kuzipeleka darasani zote mbili. Awape wanafunzi dakika tano za rekodi ya umatini, kisha dakika tano hizo hizo za kanda ya Betty. Katika ya kwanza watasikia mwangwi wa ukumbi mkubwa wa mawe na kelele za waliosimama karibu na kipaza sauti. Katika ya pili watasikia magita na ngoma, kila kimoja kikiwa peke yake na vyote vikiwa pamoja. Noti ni zile zile, na hata palipokosewa pamekosewa vile vile. Kisha awasimulie yale matoleo matatu ya tetesi na kuwauliza ni lipi limezaliwa na rekodi ya kwanza, ni lipi limezaliwa na ya pili, na kwenye kila toleo ni nani ambaye jina lake halikutajwa.